Kifungu cha Tisa

Mume wangu Tofazzel alikuwa mtu mwenye akili nyingi, na akili hizo ndizo zilizotuponza. Angekuwa mjinga kidogo, tungebaki kwetu.

Alikuwa karani wa mahakama mjini Khulna. Mwaka 1941 serikali ya Waingereza ilipompa pia kazi ya sensa, aliifanya kana kwamba mkaguzi wake atakuwa Jibrili. Makarani wenzake, Waislamu kwa Wahindu, waliandika hata nyanya zao waliokwisha kufa, ili kila dini ionekane ina watu wengi. Tofazzel hakuongeza hata kichanga kimoja. Alizunguka vijiji ishirini na vitatu kwa miguu, akahesabu vichwa, akarudi nyumbani na homa pamoja na majivuno. Hesabu ya wilaya yetu ilipotoka, Wahindu walikuwa wametuzidi kidogo sana, kama mtu mmoja katika kila mia. Tangu hapo hesabu ile ikawa kwake jambo la imani. Nilimwambia siku moja kwamba pengine nyanya wa Kihindu waliofufuliwa walikuwa wengi kuliko wa kwetu. Hakunisemesha siku mbili.

Mwezi Juni 1947 zikaja habari kwamba Waingereza wanaondoka, ila kabla ya kuondoka wataikata nchi. Penye Waislamu wengi pataitwa Pakistan, penye Wahindu wengi patabaki India, na jimbo letu la Bengal litapasuliwa katikati. Kwa karibu miaka mia mbili walikuwa wakituambia kwamba bila wao tungechinjana. Naona waliona aibu kuondoka kabla ya kuhakikisha. Kazi ya kuchora mpaka akapewa mwanasheria mmoja kutoka London ambaye hakuwahi kuikanyaga India, akapewa na wiki tano za kuimaliza. Mimi kukata kitambaa cha blauzi moja hunichukua asubuhi nzima, na mwenye mwili ninamjua.

Tofazzel hakuona haja ya kumsubiri mwanasheria.

"Mama Montu," akaniambia, "wilaya hii inakwenda India. Hesabu iko wazi."

"Iende. Mimi sina safari."

"Tutakuwa Waislamu katikati ya Wahindu."

"Kwani leo tuko katikati ya nani? Anayetuletea maziwa ni Mhindu. Anayetufulia ni Mhindu. Hakimu unayemwinamia kila asubuhi ni Mhindu."

"Wewe huijui siasa."

"Na yenyewe hainijui. Tuachane hivyo hivyo."

Sababu yangu ya kukataa ilikuwa moja tu, na yeye aliijua. Nyuma ya nyumba yetu pale Dumurtala, kijijini kwetu nje ya mji, kati ya kisima na bwawa, chini ya mpopoo, tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa pekee. Montu alikufa mwaka wa ile njaa kubwa, 1943. Hakufa kwa njaa, maana karani alipata mgao wa mchele. Alikufa kwa homa ya siku nne, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Watu wote waliacha kuniita Mama Montu, wakidhani wananihurumia. Tofazzel peke yake ndiye aliyeendelea. Nimemkasirikia mume wangu kwa mambo mengi maishani, lakini kwa hilo moja nilimsamehe mengine yote.

Mwezi huo magazeti yalijaa matangazo ya kubadilishana nyumba, kama yanavyojaa matangazo ya wachumba. Tofazzel akapata moja akalizungushia wino mwekundu. Mhindu mmoja wa kijiji cha Kusumpur, wilaya ya Murshidabad, mfanyabiashara wa hariri, alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, ua na kisima, akitafuta Mwislamu wa upande wetu. Huko Murshidabad Waislamu ndio waliokuwa wengi kwenye sensa, kwa hiyo huko ndiko Pakistan. Yeye alikuwa akikimbia kule tunakokimbilia, na sisi tukikimbia kule anakokimbilia. Tofazzel aliona uzuri wa jambo hilo mpaka akatabasamu peke yake. Hata serikali ilikuwa imetoa mstari wa muda unaosema vivyo hivyo, Khulna India, Murshidabad Pakistan. Nani angebisha?

Nibaran Kundu akaja kuikagua nyumba yetu, pamoja na mkewe Shoilobala. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusema na kila mlango kabla ya kuufungua.

"Karibu maji, Bwana Kundu," akasema Tofazzel.

"Ahsante sana, Karani. Nimekuja na yangu." Akalipapasa gudulia lake la shaba, maana dini yake haikumruhusu maji ya Mwislamu.

Mimi nilikuwa ndani na mkewe, nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Maji yetu hanywi, ila kisima chetu anakichukua."

Shoilobala akaziba mdomo kwa pindo la sari ili asicheke kwa sauti. "Akishakimwagia maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, kitabadili dini, mdogo wangu. Usikionee huruma."

Nikampenda hapo hapo, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikampeleka nyuma. Alipoliona tuta dogo chini ya mpopoo hakuniuliza ni la nini. Aliuliza, "Anaitwa nani?" Hakusema aliitwa. Nikamtajia. Akachuchumaa, akang'oa nyasi mbili tatu zilizokuwa zimeota pembeni. Yeye hakujaaliwa mtoto, hai wala maiti.

"Basi wewe ni Mama Montu," akasema, na akaniita hivyo mpaka leo.

Nikamwambia mume wangu kwamba sitoki Dumurtala mpaka iandikwe kwenye hati kwamba mwanangu atatunzwa. Shoilobala akamwambia mumewe kwamba naye hatoki Kusumpur mpaka iandikwe kwamba tulsi yake itatunzwa, ule mrehani wa ibada uliopandwa na mama mkwe wake katikati ya ua, na kwamba itawashiwa taa kila magharibi. Waume zetu wakatazamana. Wao walikuwa wamekwisha kuandika vifungu vinane kuhusu paa, mipaka, na nani atalipia mihuri. Tofazzel akachukua kalamu akaandika cha tisa kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: kwamba upande mmoja utalitunza kaburi la mtoto, na upande mwingine utautunza mmea, kila mmoja kama chake mwenyewe, wao na warithi wao, siku zote. Nakala mbili, sahihi nne. Sisi wanawake pia tulitia sahihi, jambo lililomshangaza sana msajili.

Tulihama Julai ikiishia, mvua zikiwa zimeshika. Siku ya kuondoka nilikaa chini ya mpopoo mpaka mwenye gari la ng'ombe akaanza kulalamika. Sitasema nilimwambia nini.

Kusumpur palikuwa pazuri, lazima niseme kweli. Tofazzel alileta msomaji akasoma Kurani vyumba vyote vinne, akaondoa picha za miungu ukutani, akapiga chokaa pale zilipokuwa. Tulsi hakuigusa. Jioni ya kwanza nilijaza mafuta kwenye kitaa cha udongo nikakiwasha, nikijiona kichekesho, Mwislamu nimefunga Ramadhani, ninawasha taa ya mungu wa mtu kabla ya kwenda kufuturu. Lakini mkono wangu ulipokuwa ukiwasha, nilijua kuna mkono mwingine Dumurtala unang'oa nyasi. Nilikula futari yangu kwa raha.

Tarehe kumi na nne Agosti wakapandisha bendera ya Pakistan wilaya nzima. Yetu niliishona mwenyewe, kwa sari yangu ya kijani, mwezi na nyota nikavikata kwenye kanzu ya Tofazzel. Akapanda darini na umri wake ule, akaifunga kwenye mwanzi, akasimama chini yake mikono kiunoni. Jirani yetu Mhindu, mzee Haripada, alisimama barabarani akatazama juu.

"Hongera, Karani."

"Hongera yetu sote, mzee. Usiogope. Mimi nakujua, hakuna atakayekugusa."

"Nashukuru," akasema mzee. Nilimwonea aibu mume wangu.

Tukakaa Pakistan siku tatu. Kisha mstari wa yule mwanasheria ukatangazwa, siku mbili baada ya uhuru, ili sherehe zisiharibike. Usiku wa kuamkia Idi redio ikausema, na asubuhi, mimi nikiwa jikoni nachemsha tambi na maziwa, Tofazzel akarudi kutoka kuswali uso umemshuka.

"Tumepewa India," akasema.

"Nani?"

"Sisi. Murshidabad yote. Wanasema ni kwa ajili ya mto, ili maji yafike bandari ya Kolkata."

"Na Khulna?"

Akavua kofia akaitazama ndani. "Khulna imepewa Pakistan."

Nikazima moto. Nilimuuliza kama sensa yake ilikuwa imehesabu mito. Ni neno baya kumwambia mtu siku ya Idi, na nililisema nikiwa nimelikusudia. Akapanda darini tena akaishusha sari yangu. Mzee Haripada alikuwa barabarani.

"Usiogope, Karani," akasema. "Mimi nakujua."

Barua ya Nibaran ilifika baada ya siku kumi. "Karani Tofazzel," iliandikwa, "nilipandisha bendera ya India tarehe kumi na tano, kubwa kuliko zote Dumurtala. Tarehe kumi na nane nimeamka nikiwa Mpakistani. Natumai wewe umeamka salama India. Nyumba yako haivuji. Tufanyeje?"

Jibu lilikuwa rahisi, hata ng'ombe wetu angelitoa: turudishiane. Mpaka ulikuwa wazi siku zile, gari moshi linapita, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Nilikuwa nimekwisha kufunga vyombo. Lakini hapo ndipo akili za mume wangu zilipoamka tena.

"Mstari umebadilika mara moja ndani ya siku tatu," akasema. "Unaweza kubadilika tena. Tukirudi, halafu nao mstari ukarudi ulikokuwa, tutakuwa kichekesho cha Bengal nzima."

"Na sasa ni nini?"

"Sasa ni subira. Kuna rufaa. Kuna mazungumzo. Nimesoma."

Nibaran naye alikuwa amesoma. Yeye alifikiri India itaiomba Khulna irudishwe, Tofazzel alifikiri Pakistan itaiomba Murshidabad, na kila mmoja alimwandikia mwenzake kwa heshima kwamba itakuwa vyema kungoja kidogo. Wakangojea hivyo mwaka mmoja, wakangojea wa pili. Kila wakibadilishana barua walikubaliana zaidi. Sijapata kuona Mwislamu na Mhindu walioelewana vizuri kama wale wawili, katika kutuharibia maisha.

Sisi wanawake tuliandikiana pia. Mimi nilimpa habari za tulsi: imetoa mbegu, imeliwa na mbuzi, imechipua. Maulana wa kijiji alikuja siku moja akasimama nje ya pazia.

"Mama, nasikia unawasha taa kwenye mmea wa Wahindu."

"Ni mkataba, maulana. Kifungu cha tisa. Tumefundishwa kuvunja mikataba?"

Akaomba kuiona hati. Akaisoma yote, hata vifungu vya paa, akashusha pumzi, akaenda zake. Mke wa karani amekuwa Mhindu, walisema kisimani. Niliwaacha wafurahi.

Na Shoilobala aliniandikia habari za Montu. Kwamba amemzungushia kijiukuta cha tofali ili bata wasimkanyage. Kwamba amempandia maua ya manjano. Kisha, katika barua moja ya mwaka 1948, kwamba kila magharibi baada ya kuwasha taa ndani humletea na Montu yake, "maana nimeona si haki watoto wa jirani wawe na mwanga, yeye akae gizani." Na siku ya kuzaliwa mungu wao Krishna, ambaye wao humpenda akiwa mtoto mchanga, alimwekea Montu kipande cha peremende ya maziwa kwenye kisahani.

Niliisoma barua hiyo mara nyingi. Kwetu kaburi la mtoto huachwa udongo mtupu. Nilijua wapitao watasema nini wakiona taa na maua na kisahani. Nilikaa na kalamu, ningeandika mstari mmoja tu: dada, acha taa, ng'oa nyasi tu. Sikuuandika. Nilikuwa nimefurahi. Miaka mitano nilikuwa nimemfikiria gizani, na huyu mwanamke ambaye hata maji yangu hanywi alikuwa amelifikiria giza hilo hilo. Nikamwandikia kwamba Montu alikuwa akipenda peremende. Na kweli alipenda.

Mwanzoni mwa 1950 upande wa Khulna walianza kuwashambulia Wahindu. Gari moshi zilileta watu na habari zao, na upande wetu wakaanza kulipiza kwa Waislamu ambao hawajawahi kuiona Khulna. Sisi angalau tulikuwa tumeiona.

Genge lilifika Kusumpur jioni moja, watu wa mbali, wana marungu na madebe ya mafuta ya taa. Tofazzel alikuwa chini ya kitanda, yeye na hesabu zake. Mimi nilikuwa uani nimeinama kwenye tulsi, kwa sababu ilikuwa magharibi, na nikiinama sijui kufanya kazi nusu. Nikasikia lango linasukumwa. Kiongozi wao aliniona, nimejifunika sari kichwani, kitaa mkononi, mbele ya mmea. Akaliegemeza rungu ukutani akaunganisha viganja kunisalimu Kihindu.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Nyumba za Waislamu ni zipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mto, ambako hakuna kitu ila mabua ya mpunga. Akanishukuru. Wakaenda, na mzee Haripada aliyekuwa barabarani akawaambia vivyo hivyo. Nikamaliza kuwasha taa. Kisha nikaingia kupakua wali.

Wiki mbili baadaye mtu alibisha hodi langoni, kwa upole, kama mwenye kuomba radhi kwa lango lenyewe. Alikuwa Nibaran, amekonda mpaka shati lake lilikuwa la mtu mwingine, na Shoilobala nyuma yake ana kifurushi kimoja. Walikuwa wametembea siku mbili kabla ya kupata gari.

"Karani," akasema Nibaran, amesimama nje ya nyumba aliyozaliwa, "tunaweza kuingia?"

Tofazzel, kwa kuwa hakujua la kufanya, akaenda kuleta hati. Nibaran akafungua kitambaa cha nta kifuani, akatoa ya kwake. Ndiyo kitu pekee alichokiokoa. Nyumba ya Dumurtala ilikuwa na watu wengine sasa, wakimbizi Waislamu kutoka upande wetu, na hao hawakuwa na hati yoyote. Wanaume wakakaa barazani wakasoma nakala zote mbili, neno kwa neno, kuona kama zinafanana. Zilifanana.

Mimi nilimvuta Shoilobala jikoni. Alikuwa hanitazami.

"Kaa, dada. Nikupe nini? Chungu kipo kipya, hakijaguswa, ukitaka upike mwenyewe."

"Nipe maji," akasema.

Nikampa, kwa mkono wangu, kutoka mtungi wangu. Akanywa yote. Nilijua basi kwamba kuna jambo, maana mtu hatupi dini ya miaka arobaini kwa sababu ya kiu.

"Montu?" nikauliza.

"Walikuja mchana," akasema. "Sisi tulikuwa tumejificha kwa mama Rokeya, yule jirani yenu wa ng'ambo ya bwawa. Alitufunika na magunia, ana moyo, Mungu wenu amlipe. Niliona yote kwenye ufa. Waliingia ndani wakachukua walivyochukua. Kisha wakaenda nyuma. Mimi sikuogopa hapo, Mama Montu. Nikasema moyoni, hapo wataacha, ni la kwao. Lakini walikuta taa yangu, na maua, na kisahani. Mmoja akasema, hii ni sanamu yao, ibada yao. Wakaleta majembe."

Nikamwacha aendelee. Nisingeweza kumzuia.

"Nilipiga kelele kwamba ni Mwislamu, ni mtoto wa karani, muulizeni mtu yeyote. Mama Rokeya akaniziba mdomo akanikalia. Walivunja ukuta, wakafukua, wakatupa udongo bwawani. Wakapasawazisha. Wakasema pamesafishwa." Akaweka kikombe chini. "Taa ni yangu. Nimemuua mara ya pili."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa muda wa kuchemka chungu cha wali, nikiwa nimesimama pale pale nimempa mgongo. Taa kama ile iliyoniokoa mimi ndiyo iliyomwangamiza Montu, na kila moja iliwashwa na mtu wa dini nyingine. Kisha nikaanza kujichukia mimi, na hilo halijachemka likaisha mpaka leo.

"Nilijua," nikamwambia. "Uliponiandikia habari za taa, nilijua. Ningeandika uache. Sikuandika kwa sababu nilifurahi."

Tukalia, kila mmoja pembe yake ya jiko. Barazani nilimsikia Tofazzel akimweleza Nibaran kwamba kisheria mambo ni magumu, na Nibaran akikubali.

Walibaki nasi. Walichukua vyumba viwili vya mashariki, sisi viwili vya magharibi. Nani ni mgeni wa nani hatukuwahi kuamua. Serikali ilimwandika Nibaran mkimbizi, ingawa alikuwa amelala kwenye kitanda cha baba yake. Shoilobala akarudishiwa tulsi yake, na akarudi pia kwenye maji yake mwenyewe, na mimi sikumlaumu.

Ila mimi sikutulia. Nilitaka kwenda Dumurtala, nipajue pale, nirudishe udongo kiganja kwa kiganja, nifanye tuta tupu lisilo na kitu juu yake. Sikutaka zaidi ya hapo. Shoilobala alinipa vipimo: hatua kumi na moja kutoka kisimani, ukielekea bwawani, shina la mpopoo mkono wa kushoto kama hawajaukata. Tofazzel alisema tungoje mambo yatulie. Nikangoja, kwa mara ya mwisho maishani mwangu, na mwaka 1952 nchi zote mbili zikaamua kwamba hakuna kuvuka bila pasi ya kusafiria.

Nikaenda mjini peke yangu, nikapanga foleni kwenye dirisha la pasi tangu asubuhi. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwenye kaburi."

"Usiseme kaburi, dada," akaninong'oneza. "Jana wamemrudisha mzee mmoja. Fomu ina nafasi ya jina la mwenyeji, na maiti si mwenyeji. Sema mtu."

Karani wa dirishani alikuwa na macho mekundu ya kuchoka. Hakuyainua.

"Unakwenda kumwona nani?"

"Mwanangu."

"Jina?"

"Monowar Hossain. Tunamwita Montu."

"Kazaliwa?"

"Arobaini na mbili."

"Miaka kumi," akasema akiandika. "Anakaa na nani huko?"

"Peke yake."

"Aliingia Pakistan mwaka gani?"

"Hakuingia. Alikuwa amelala, Pakistan ikamkuta pale pale. Tulioondoka ni sisi."

Kalamu ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. "Mama, nina watu mia mbili nyuma yako. Mwenyeji lazima akuletee barua ya mwaliko, imetiwa sahihi yake."

"Hajui kuandika."

"Basi aweke dole gumba," akasema, akanisukumia fomu, akamwita anayefuata.

Nikalikumbuka dole gumba lenyewe, ukubwa wake, na alivyokuwa akilinyonya akisinzia. Nikaichukua fomu.